Bei ya kwanza ya dalali: kwa nini hutushika hata tunapojua kwamba ni ndogo?

Binti wa Muheza aliuliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa hapa jamvini.

Nina swali kuhusu namna tunavyofikia uamuzi, na nitalieleza kwa habari ya machungwa kwa sababu ndiyo kazi niliyokulia. Familia yetu ina shamba la michungwa wilayani Muheza, na mimi mwenyewe ninaishi Ngamiani, Tanga mjini, ambako ninauza matunda. Wengi wa wakulima wa kwetu hawachumi wenyewe. Dalali huja matunda yakiwa bado mtini, hupita kati ya mistari ya michungwa akitazama juu, kisha hutaja bei ya shamba zima, na kuanzia hapo mazungumzo yote huizunguka bei hiyo.

Kinachonisumbua ni hiki. Jioni moja kabla ya dalali kufika, baba na ami yangu hukaa barazani, wakakadiria mzigo na kukubaliana kwamba shamba halipungui milioni moja na laki nne. Kesho yake dalali hutaja laki nane, na baada ya mvutano wa nusu saa wazee hupeana naye mikono kwa laki tisa na nusu, wakiwa wameridhika kabisa kwamba wamempandisha. Ile milioni moja na laki nne haitajwi tena, na ukiikumbusha unaambiwa kwamba yale yalikuwa makadirio tu, kana kwamba laki nane ya dalali si makadirio. Hawa si watu wasiojua hesabu. Ami alikuwa karani katika shamba la mkonge kwa miaka mingi, na baba akiutazama mchungwa anaweza kukutajia idadi ya matunda yake asikosee sana.

Naomba kueleweshwa: je, jambo hili limechunguzwa na wataalamu, au ni udhaifu wa familia yetu tu? Na je, mtu akishalijua anakuwa amekingika? Sitaki tuwalaani madalali, kwa kuwa dalali naye anatafuta riziki yake na hakuna uongo wowote katika kutaja bei anayoitaka.

Mwalimu wa Chumbageni alijibu:

Wa alaykum salaam, binti yangu. Jambo hili limechunguzwa sana, na wala si la familia yenu peke yenu.

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha katika jarida la Science makala kuhusu njia za mkato ambazo akili hutumia inapokadiria jambo isilolijua kwa hakika, na makosa yanayozaliwa na njia hizo. Katika jaribio mojawapo walizungusha mbele ya washiriki gurudumu lenye namba kuanzia 0 hadi 100, ambalo kwa siri lilikuwa limetengenezwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Kisha wakawauliza: je, nchi za Afrika ni asilimia kubwa au ndogo kuliko namba hiyo katika Umoja wa Mataifa, na ni asilimia ngapi hasa? Jibu la katikati la walioona 10 lilikuwa asilimia 25, na la walioona 65 lilikuwa asilimia 45. Washiriki waliliona gurudumu likizunguka kwa macho yao, na hapana mtu mwenye akili timamu anayedhani kwamba gurudumu linajua idadi ya nchi za Afrika, lakini namba ile iliyavuta majibu yao hata hivyo. Sasa fikiria nguvu ya namba inayotamkwa na mtu anayenunua machungwa kila msimu, tena aliyekwisha kupita mashamba ya jirani.

Maelezo yao ya mwanzo yalikuwa kwamba mtu huanza na namba aliyopewa, huisogeza kidogo kidogo kuelekea kwenye kile anachokiamini, kisha husimama mapema mno. Watafiti waliofuata waliongeza sababu nyingine ambayo mimi naiona nzito zaidi kwa habari ya shamba lenu, nayo ni kwamba tukiisikia namba, akili huanza mara moja kutafuta mambo yanayoiafiki. Dalali akisema laki nane, macho ya baba yako huanza kuona matunda yenye madoa, matawi yaliyokauka, na njia ya kuingia shambani iliyochimbika kwa mvua. Yote hayo ni kweli. Lakini yalikuwepo pia jana jioni alipokuwa barazani, na hayakumzuia kusema milioni moja na laki nne. Lau dalali angetaja milioni mbili, macho yale yale yangeona matawi yaliyoinama kwa uzito, na hayo nayo yangekuwa kweli. Ndiyo maana mzee anapokuambia kwamba ameshusha bei kwa sababu za msingi hakudanganyi, kwani sababu anazo, ila namba ndiyo iliyomchagulia zipi azikumbuke.

Kuhusu ujuzi wa ami na baba, ningependa ulijue jaribio la Gregory Northcraft na Margaret Neale la mwaka 1987, lililofanyika katika mji wa Tucson huko Marekani. Waliwapeleka mawakala wa nyumba kwenye nyumba halisi na kuwapa karatasi zenye maelezo yaleyale, isipokuwa bei ya muuzaji iliyoandikwa humo ilitofautiana kutoka kundi hadi kundi. Mawakala walioona bei kubwa waliithamini nyumba kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao walioona bei ndogo, na walipoulizwa walitumia vigezo gani, wachache tu waliitaja ile bei. Hao walikuwa watu wanaoishi kwa kazi ya kuthamini nyumba. Uzoefu wao uliwapa hakika ya kujiamini, lakini haukuwaepusha na mvuto wa namba waliyoiona kwanza.

Swali lako la pili, kama kulijua jambo kunakinga, jibu lake ni kwamba kunakinga kidogo sana. Kahneman, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, miaka sita baada ya mwenzake Tversky kufariki, aliandika wazi kwamba baada ya miongo ya kuyachunguza makosa haya, hisia zake za haraka zilikuwa bado zinaelekea kuyafanya. Kwa hiyo usiwahubirie wazee. Ubadilishe utaratibu wa mauzo wenyewe.

Mkulima wa Mkuzi alijibu:

Namheshimu mwalimu, lakini naona tunalitazama jambo hili kutoka mjini. Mimi ninalima machungwa. Mkulima anayekubali laki tisa na nusu si lazima awe amepumbazwa na namba. Mara nyingi ana ada ya mtoto inayodaiwa, ana mgonjwa, na gari linaloweza kufika shambani kwake wiki hiyo ni moja tu, nalo ni la dalali huyohuyo. Chungwa si mahindi ya kuweka ghalani hadi bei ipande. Likikomaa sana huanguka, na likianguka limekwenda. Mtu aliye katika hali hiyo akikataa laki tisa na nusu kwa kuwa amesoma habari za gurudumu, ataambulia kuyaokota chini.

Naogopa sana maelezo haya ya upotofu wa fikra yakitumika kumwonyesha mkulima kwamba umaskini wake umetoka kichwani mwake. Barabara mbovu haitoki kichwani mwa mtu. Kukosekana kwa soko la kuaminika karibu na mashamba hakutoki kichwani mwa mtu. Na wazee wetu wana kanuni zao fupi, kama vile kutomwacha aondoke mnunuzi anayelipa taslimu msimu wa matunda mengi, ambazo zimewavusha miaka mingi kuliko hesabu ndefu za kitaalamu.

Binti wa Muheza aliandika:

Kaka, nakushukuru, na sikubishii kuhusu barabara. Lakini nimeuliza kwa sababu msimu uliopita ada zote zilikuwa zimekwisha kulipwa, matunda yalikuwa hayajaiva vizuri, na wanunuzi waliofika walikuwa zaidi ya mmoja. Wa pili alipoambiwa kwamba mwenzake ametaja laki nane, na aliyemwambia ni baba mwenyewe, alianzia hapohapo. Hakuna shida iliyomlazimisha baba kuitoa namba ile.

Kuna na jambo jingine. Ami sasa anasema tuache madalali kabisa, tukodi lori, tuvushe mzigo Horohoro tuupeleke Nairobi, kwa sababu kuna mtu wa kijiji cha pili aliyefanya hivyo na sasa amejenga nyumba ya tofali. Kila hoja ninayoileta inajibiwa kwa nyumba hiyo. Je, hili nalo ni la aina ileile?

Mwalimu wa Chumbageni aliandika:

Kwanza nimjibu ndugu yangu wa Mkuzi, kwa kuwa amesema neno la haki. Shida yenyewe hupunguza nafasi ya kufikiri, na hilo nalo limepimwa. Mwaka 2013 watafiti wanne, Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao, walichapisha matokeo ya wakulima wa miwa wa jimbo la Tamil Nadu nchini India, waliopimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimewaishia, na wakapimwa tena baada ya mavuno wakiwa wamelipwa. Wakulima walewale walifanya vizuri zaidi baada ya mavuno. Hawakuwa wameongezeka elimu katikati ya vipimo hivyo viwili. Walikuwa wamepungukiwa na wasiwasi. Nakubaliana basi kwamba anayemweleza mkulima kuwa kasoro ni ya kichwa chake amekosea mpangilio wa sababu, kwa sababu uhitaji wa fedha na mvuto wa namba ya kwanza huja pamoja, na mtu mwenye uhitaji ndiye asiyekuwa na nafasi ya kuipinga namba aliyotajiwa.

Kanuni fupi za wazee nazo sizidharau hata kidogo. Mjerumani Gerd Gigerenzer amefanya kazi kubwa kuonyesha kwamba kanuni za namna hiyo mara nyingi hufanya kazi vizuri mahali zilipozaliwa. Ninachokitilia shaka ni pale kanuni iliyozaliwa katika msimu wa matunda mengi inapotumiwa msimu ambao wanunuzi wanagombania mzigo.

Mhasibu wa Kikoba, Makorora alijibu:

Mdogo wangu, nitaanzia kwenye nyumba ya tofali kwa sababu naiona kuwa hatari kuliko laki nane.

Swali la kumuuliza ami si kama yule bwana alifanikiwa, maana hilo halina ubishi. Muulize ni watu wangapi wengine walikodi lori mwaka huohuo, na wako wapi. Aliyefika sokoni akakuta malori ya wenzake yamemtangulia, bei imeanguka na mzigo unaoza juu ya gari, hakujenga kitu cha kuonyeshwa watoto. Alirudi kimya na kuuza ng'ombe ili kulipa deni la gari. Aliyefaulu anaonekana na aliyeshindwa haonekani, nasi tunakadiria uwezekano wa kufaulu kwa kuwahesabu wanaoonekana peke yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mtaalamu wa takwimu Abraham Wald, aliyekuwa katika kundi la utafiti la Chuo Kikuu cha Columbia, alipewa kazi inayofanana na hiyo kuhusu ndege za kivita zilizorudi na matundu ya risasi. Ndege zilizopigwa mahali pabaya kabisa hazikurudi ili zihesabiwe, kwa hiyo sehemu zisizo na matundu katika zile zilizorudi ndizo zilizopaswa kutiliwa mashaka, na hesabu zake zilijengwa juu ya zile zisizorudi. Sisemi Nairobi hakufai. Nasema kwamba hadi mumpate mtu mmoja aliyepata hasara katika safari hiyo na mkae naye awaeleze gharama zote, hamjaijua safari hiyo.

Turudi kwa dalali. Liko jambo ambalo mwalimu hakuligusa, nalo ni uzito wa hasara. Tversky na Kahneman walionyesha mwaka 1979 kwamba kupoteza kiasi fulani humuuma mtu kuliko kupata kiasi hichohicho kunavyomfurahisha, na makadirio yao ya mwaka 1992 yaliweka uzito huo kuwa zaidi kidogo ya mara mbili. Kabla dalali hajafika, milioni moja na laki nne ni bei tu. Akishataja laki nane na kutoa noti mfukoni, laki nane inakuwa kama tayari ni mali ya baba, na kumwacha aondoke kunaonekana kuwa ni kuipoteza. Ndiyo maana mzee anayeweza kusubiri, kama baba yako msimu uliopita, bado huharakisha kupeana mkono.

Nini kifanyike? Wazee wenu tayari wanakadiria bei yao mapema, na hilo ni jema, lakini bei ya barazani imesemwa kwa mdomo bila sababu zake, kwa hiyo haina kitu cha kuishikilia inapokutana na namba ya mtu aliyesimama mbele yao na fedha. Andikeni. Andikeni idadi ya miti, makadirio ya matunda kwa mti, bei ya tunda moja sokoni Tanga wiki hiyo ambayo wewe unaijua kuliko mtu yeyote katika familia, gharama ya wachumaji na gari, na mwisho bei mnayoitaka pamoja na ile ambayo chini yake hamuuzi. Adam Galinsky na Thomas Mussweiler walionyesha mwaka 2001 kwamba anayetaja bei kwanza katika mapatano kwa kawaida hupata matokeo mazuri zaidi, na kwamba nguvu hiyo hupungua iwapo upande wa pili unaiweka mbele ya macho yake bei ambayo wenyewe uliikusudia. Maana yake ni kwamba baba anaweza kutaja bei yeye kwanza, na ikiwa dalali amemwahi, basi ile karatasi isomwe kabla ya kujibu neno lolote.

Jambo jingine lililopimwa ni kujilazimisha kutaja sababu za kuipinga namba uliyopewa. Nchini Ujerumani Mussweiler, Fritz Strack na Tim Pfeiffer walichapisha mwaka 2000 jaribio ambamo mafundi na wauza magari waliombwa kulithamini gari kuukuu, wakiwa wametajiwa kwanza namba kubwa au ndogo. Walioombwa pia waeleze kwa nini namba hiyo huenda si sahihi walivutwa nayo kidogo kuliko wenzao. Mvuto haukuisha, ila ulipungua, na kwa biashara ya laki kadhaa kupungua huko ni ada ya muhula. Kwa hiyo mpe ami kazi hiyo rasmi. Dalali akishataja bei, ami aseme kwa sauti mambo matatu yanayoifanya iwe ndogo, kabla baba hajafungua mdomo. Nimeshauri ami kwa sababu karani hakerwi na kazi ya kuhoji hesabu, na kwa sababu neno la kaka kwa kaka halina ukakasi ambao lingekuwa nao likitoka kwa binti mbele ya mgeni.

Karatasi hiyo muitunze baada ya mauzo. Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba watu wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kabla ya safari za Rais Nixon kwenda Beijing na Moscow mwaka 1972, na baadaye wakawaomba wakumbuke walikadiria nini. Kwa mambo waliyoamini kwamba yalitokea, watu walikumbuka kwamba walikuwa na uhakika mkubwa kuliko walivyokuwa nao kweli. Kwetu ndivyo inavyokuwa kila msimu ukiisha, bei ikiwa imepanda au imeshuka, kila mtu barazani alijua. Hapo hakuna anayejifunza chochote. Karatasi yenye tarehe haibishani na mtu.

Mkulima wa Mkuzi aliandika:

Dada wa Makorora amesema mambo ninayoweza kuyafanya shambani, na nashukuru kwamba mwalimu ameipokea hoja yangu. Nina nyongeza moja kwa Binti wa Muheza kuhusu kuhesabu matunda, kwa sababu karatasi nzuri yenye hesabu mbaya itawaumiza zaidi. Wazee wengi, na madalali pia, hukadiria shamba zima kwa miti iliyo kando ya njia ya kuingilia, ambayo ndiyo inayopaliliwa zaidi na kupata jua. Hapo mkulima hujikadiria kupita kiasi, kisha dalali akipita mstari wa ndani na kuonyesha miti mitupu, mkulima huvunjika moyo na kushuka bei kuliko inavyostahili. Chukueni mti mmoja katika kila mstari, tena uwe wa nafasi mliyoipanga kabla ya kuingia shambani, kwa mfano wa tano kutoka mwanzo, uwe mzuri au mbaya. Hesabuni matunda ya miti hiyo, mtafute wastani, kisha mzidishe kwa miti yote inayozaa. Iliyokufa iondolewe kwenye hesabu.

Na kuhusu mnunuzi wa pili, mwambie baba kwa heshima kwamba akiulizwa mwenzake ametoa ngapi, halazimiki kujibu. Aseme tu kwamba shamba lina bei yake, aisome ile iliyoandikwa, na amwache mgeni azungumze.

Binti wa Muheza aliandika:

Nimewaelewa, na ninawashukuru nyote. Ami ameipokea kazi ya kuhoji bei kwa furaha kuliko nilivyotarajia, na ameniomba nimletee bei za soko la Ngamiani za wiki hii na iliyopita. Kuhusu Nairobi, ameshikilia msimamo wake, ila amekubali kwamba kabla ya kukodi gari tumtafute mtu aliyepata hasara katika safari hiyo. Kama kuna mmoja wenu anayemfahamu mtu wa namna hiyo na ambaye yuko tayari kuzungumza na wazee, naomba aniandikie kwa faragha. Tutampokea nyumbani kwa heshima zote, na hatutauliza mambo yake zaidi ya gharama.